Maswali Yenu: Watoto, Kutoa na Kutetea

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watoto wa shule ya msingi: kuchangia wahitaji, na kusema pale mtu anapoonewa.

Dada, habari. Tunataka kupeleka Darasa la 4 kwenye kituo cha watoto yatima, kila mtoto na sabuni yake. Tuwaandae vipi?
*Mwalimu, Njiro, Arusha*

Nzuri, mwalimu. Sabuni isubiri kwanza. Mpigie msimamizi umuulize kituo kinapungukiwa nini, maana Arusha wageni wa kujitolea hawakauki, na stoo inaweza kujaa sabuni huku luku imekata. Ulizia na leseni: Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe nayo, na afisa ustawi wa jamii atakusaidia kujua.

Simu za kupiga picha ziachwe kwenye basi. Hata neno "yatima" lisitamkwe ovyo, kwani wako watoto pale wenye mzazi hai, waliofikishwa na ufukara. Ingekuwa mimi, ningewaalika wao shuleni kwenu waje wacheze mpira, wanafunzi wako wawe wenyeji. Kisha kipindi kizima darasani mjadili: mama anafikaje mahali pa kumwacha mwanawe kituoni? Watoto wa miaka kumi wanalimudu swali hilo kuliko walimu wengi wanavyodhani.

Mwanangu wa Darasa la 3 kampa mwenzake sweta la shule bila kuniuliza. Nimchape?
*Mama, Pasua, Moshi*

Usimchape, mama. Msifu, halafu mweleze kwamba vitu vya nyumbani hutolewa kwa kushauriana. Mkienda soko la Memorial kutafuta mtumba mwingine, achangie kidogo kutoka kwenye kibubu chake. Na tafadhali, usiende kwa mama wa mtoto aliyepewa kulidai sweta.

Shule inataka kila mtoto alete shilingi 1,000 ya wahitaji, na majina ya ambao hawajaleta yanasomwa mstarini.
*Mzazi, Kaloleni, Arusha*

Hiyo ni kodi. Mwambieni mwenyekiti wa kamati ya shule liwekwe sanduku lenye tundu, daftari la majina lifungwe. Huenda mhitaji mwenyewe yumo kwenye orodha inayosomwa.

Binti yangu wa Darasa la 5 aliwakemea wavulana waliomcheka mwenzao mwenye ualbino. Sasa wanamtenga. Nimwambie anyamaze?
*Baba, Majengo, Moshi*

Hapana, baba, ila asibaki peke yake. Atafute wenzake wawili watatu, waende pamoja kwa mwalimu wa darasa. Wewe nawe ongea na mwalimu huyo kabla ya kikao cha wazazi, kabla habari haijawa ugomvi wa familia.

Tena wasiishie kukemea. Wamuulize yule mtoto anahitaji nini. Huenda ni kukaa dawati la mbele aone ubao, au ruhusa ya kuvaa kofia pana mstarini, jambo ambalo baadhi ya walimu hulikataa kwa sababu ya sare tu. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yalianzia hapo hapo Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili ya wenye ualbino. Darasa likichanga kofia na likamwomba mwalimu mkuu alegeze sare, limetoa na limetetea kwa pamoja. Juni 13, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, inafaa kuanzia.

Mjukuu akifundishwa kudai haki, si atanigeukia mimi?
*Babu, Soweto, Moshi*

Shikamoo babu. Atakugeukia, ndiyo. Atauliza kwa nini dada yake anaosha vyombo yeye akicheza, na kwa nini dada wa kazi anakula jikoni. Sheria ile ile ya 2009 inampa haki ya kutoa maoni, na Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16, inawakumbuka wanafunzi wa Soweto ya Afrika Kusini waliopinga mwaka 1976 kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans. Adabu ya kuuliza mfundishe wewe. Kuuliza kwenyewe usimkataze.

Ila kuwe na mpaka: akiona mwenzake anapigwa au anashikwa vibaya, asijaribu kulimaliza mwenyewe. Amwambie mtu mzima, au apige 116, ni bure. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nalo lipo kwa ajili hiyo.