Kuogopa Maiti Si Majivuno, na Kunatibika

Dada mmoja kaniandikia juzi. Baba yake mkubwa anazikwa Jumamosi, na tangu apate taarifa hali wala halali. Anachoogopa ni ile foleni ya kuaga mwili. Najua mko wengi mnaojificha na jambo hili, basi jibu langu liwe la wote.

Mimi nilikuwa siwezi kupita kwa mafundi wa majeneza barabara ya hospitali. Namwongezea bodaboda hela azungukie nyuma ya soko. Kuku akichinjwa uani nafunga dirisha. Misibani najipeleka jikoni nikamenye vitunguu, ili nisiitwe ndani. Shangazi zangu wakasema naringa, elimu imenipanda kichwani. Maneno yale yananiuma hadi leo, maana hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina nini.

Nimeombewa, nimefukiziwa ubani. Aliyenifumbua macho ni mwanasaikolojia: kila ukikimbia moyo unatulia, na akili inaamini kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kesho hofu inarudi na nguvu zaidi. Dawa ni kuisogelea kidogo kidogo, tena umetulia. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliieleza njia hiyo kitabuni tangu mwaka 1958.

Nikaanza na picha ya jeneza kwenye simu. Halafu samaki mzima sokoni, nimshike, nimtazame jicho. Halafu kwa wale mafundi. Nilikaa kwenye benchi lao, vanishi inanukia, satini nyeupe inagongewa vimisumari ndani ya sanduku, jasho linanitiririka. Fundi akaniuliza marehemu ana urefu gani! Sikuondoka. Sharti ndilo hilo: usiondoke hofu ikiwa juu, kaa mpaka ishuke yenyewe.

Mwezi uliopita nimemuaga mjomba, nikamgusa paji la uso. Shangazi walikuwepo, na waliona.

Hofu ikishapita miezi sita na inakuharibia maisha, muone mtaalamu. Kama ukiona damu huwa unazimia, mwambie mapema, maana hiyo ina mazoezi yake.

Na nyie mnaomburuta mtoto anayelia hadi kwenye jeneza, eti atazoea, acheni. Mwelezeni kwanza atakachokiona: marehemu amelazwa kwenye jeneza, ni wa baridi, hatajibu. Kisha mwulizeni kama anataka. Akikataa, abaki nje na mtu anayemzoea.