Kiwanja cha bure kilichokuwa yadi ya betri: pimeni udongo kwanza

Msisaini. Mengine yote yatafuata, dada yangu, lakini hiyo barua ya kupokea kiwanja msiisaini wiki hii.

Umeandika kwamba kikundi chenu cha akina mama 12 hapa Tanga mmeahidiwa bure eneo lililokuwa gereji na yadi ya betri, upande wa viwanda vya zamani. Mnataka banda la kuku wa mayai na chumba cha chekechea pembeni yake. Unauliza muanzie mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri au Mfuko wa Jimbo, andiko la mradi liandikwe vipi, wanachama wangapi wanatosha, na kama baadaye fedha hizo zinaweza kuwasaidia wanachama kujenga nyumba. Halafu mwisho kabisa, kama kitu kidogo, unasema: "udongo una madoa meusi ila tumeambiwa tukimwaga kifusi inatosha." Nimesoma hapo nikasimama. Ni maneno yale yale tuliyoambiwa sisi.

Sisi tulikuwa 11. Mwaka 2021 tulipata mkopo wa shilingi milioni 12, tukaongeza milioni 4 na laki 2 za kwetu, za kibubu na za kuuza vitumbua. Kiwanja tulipewa, na tukapiga vigelegele siku ya kukabidhiwa. Kilikuwa na ukuta upande mmoja, kisima kibovu, na ardhi nyeusi nyeusi yenye vipande vya plastiki ngumu. Tulijua palikuwa na mafundi zamani. Hakuna aliyeuliza mafundi wa nini.

Tukamtafuta mtu wa kutuandikia andiko, kijana msemaji, ana kompyuta na muhuri wake. Alitutoza shilingi 350,000. Naomba nimseme, kwa sababu watu wa aina yake bado wanazunguka mitaani na huenda ndiye huyo huyo aliyewaambia nyinyi habari ya kifusi. Alituambia, "Mama, udongo ni udongo, mvua ya masika miaka yote hii imeshausafisha." Akatuambia tusawazishe eneo haraka kabla wataalamu hawajaja kukagua, waone nguvu ya kikundi. Kwenye andiko, mahali pa kueleza mazingira, akajaza kwamba eneo halina athari yoyote. Hakuwa amelikanyaga hata siku moja. Lakini sahihi zilizopo chini ya hayo maneno ni zetu, na hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo. Yeye alichukua chake akaenda. Deni likabaki kwa waliosaini.

Tukakodi greda siku nzima. Ilikuwa Desemba, kaskazi inavuma, vumbi likapanda mpaka kwenye nguo za watu walizoanika. Hapo ndipo tulipofanya kosa kubwa kuliko yote, na hatukujua. Risasi, yaani ile metali nzito ya ndani ya betri, haiozi na haiyeyuki na mvua ikapotea. Ikimwagika ardhini hushikamana na udongo wa juu, hukaa hapo miaka na miaka. Yadi ya betri unaweza kuikuta na sumu nyingi kwenye kona mbili tatu tu, pale palipokuwa panapasuliwa betri na pale palipokuwa panayeyushwa. Greda yetu iliichota sumu ya kona mbili ikaipaka eneo zima. Kisha tukamwaga kifusi lori 4 juu yake. Kuku wakakichakura kwa mwezi mmoja, wakafika chini.

Nataka uelewe hili la kuku, maana ndio mradi mnaoutaka. Kuku anakula kwa kudonoa. Anameza udongo kutwa nzima pamoja na pumba yake, na risasi iliyomo kwenye udongo inaingia kwenye damu yake, kwenye mifupa, na kwenye yai. Kwa macho yai ni zuri, kiini cha njano, ganda gumu. Tulikuwa na kuku 300. Tuliuza mayai kwa majirani, kwa mama wa chapati, kwa shule. Silali vizuri nikikumbuka trei zile.

Usije ukadhani hatukupima. Tulipima! Yule mwandishi wa andiko alipeleka kimfuko kimoja cha udongo kwenye maabara ya kilimo, tukaletewa karatasi ya rutuba: uchachu, naitrojeni, fosforasi. Ikasema udongo unafaa kwa mboga. Tukaitia kwenye fremu. Maabara haikukosea, ilijibu ilichoulizwa. Kipimo cha rutuba hakitafuti sumu, kama vile kipimo cha malaria hakiwezi kukuambia una kisukari. Ukitaka kujua kuna risasi, unaomba kipimo cha metali nzito, na unaitaja risasi kwa jina kwenye fomu.

Kilichotufumbua macho ni mtoto wa mwenzetu, miaka 3. Mama yake alikuwa anakuja naye bandani, anacheza chini, mikono mdomoni kama watoto wote. Akaanza kulia tumbo, choo kigumu, akapauka, akawa mkali, hataki kula. Akapewa dawa za minyoo mara mbili. Mara ya tatu muuguzi mmoja, Mungu amlipe, akauliza, "Mama, unafanya kazi gani, na wapi?" Swali hilo moja ndilo lililofungua mlango. Damu ikapelekwa kupimwa mbali, ikarudi na risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na ubongo ukishaumia hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Sasa anasoma. Mama yake anasema anasahau haraka. Hatujui kama ni hilo au ni utoto tu, na hatutajua.

Baada ya hapo tukapima udongo kipimo chenyewe. Ulikuwa umepita mbali kiwango kilichomo kwenye kanuni za ubora wa udongo za mwaka 2007. Kuku tukawaua wote, hatukula hata mmoja. Siku tunafukia, akapita mzee mmoja mvuvi, nyumba yake ya 3 kutoka pale. Akasimama, akatazama, akasema, "Kumbe mlikuwa mnafuga hapa? Hapa ndipo tulipokuwa tunakuja kununua chubwi."

Chubwi! Walikuwa wanayeyusha betri chakavu kwenye masufuria, wanamimina chubwi, vile vizito vya kuzamisha mishipi na nyavu, wavuvi wa Sahare wanakuja kununua. Mzee anajua, mkewe anajua, mtaa mzima wa wenye mvi unajua. Tulilipa 350,000 kwa mtu asiyejua kitu, na jibu lilikuwa limekaa barazani linakunywa kahawa, bure.

Deni halikujali chochote kati ya hayo. Mkopo wa halmashauri hauna riba, kweli, lakini ni mkopo, na kikundi kinadaiwa kwa pamoja. Wawili walihama. Sisi 9 tuliobaki tulilipa shilingi 50,000 kila mmoja, kila mwezi, zaidi ya miaka miwili, kwa mradi uliokwisha kufa. Kuna mwenzetu aliuza cherehani.

Kwa hiyo unaponiuliza muanzie mfuko gani, nakujibu kwa kifupi. Mkopo wa asilimia 10 unatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Ni fedha ya kuzalisha ili irudi. Kusafisha udongo hakuzalishi kitu, kwa hiyo mkikopa mkaitumbukiza kwenye kuchimba na kubeba udongo mchafu, mtarejesha nini? Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni wa kuchochea miradi ya jamii, na chekechea ingeingia huko vizuri zaidi kuliko kwenye mkopo. Lakini mifuko yote miwili inachukulia kwamba kiwanja ni kizima. Hakuna fomu yenye mstari unaouliza hapa paliyeyushwa nini.

Wenzetu wengine wameumia ndipo wakaujaza mstari huo. Marekani, mji wa Niagara Falls, mwaka 1953 kampuni ya kemikali iliiachia bodi ya shule shimo lake la taka lililofukiwa, kwa dola 1. Umesikia? Dola 1. Pakajengwa shule, nyumba zikaota kuzunguka, na mwaka 1978 serikali ikalazimika kutangaza hali ya dharura na kuanza kuwahamisha watu. Mahali hapo ni Love Canal. Ndiyo iliyosukuma sheria yao ya mwaka 1980 ya kusafisha maeneo yenye sumu. Leo wana mpango wa serikali kwa maeneo ya viwanda vilivyokufa, na ndani yake kuna ruzuku ya kupima peke yake na ruzuku ya kusafisha peke yake. Anayenunua eneo la aina hiyo, akitaka kinga ya sheria asije akabebeshwa uchafu wa aliyemtangulia, lazima awe amechunguza historia ya ardhi kabla ya kununua. Akichunguza baadaye amechelewa.

Na kama Marekani ni mbali, Mombasa si mbali, ni kuvuka Horohoro tu. Mtaa wa Owino Uhuru ulikaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wake akakutwa na risasi kwenye damu, akaanza kupiga kelele mpaka akatiwa ndani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na hata hapo kesi iliendelea kupanda ngazi ya rufaa miaka mingine. Hao walikuwa na mwanamke wa kupigana na kiwanda kinachojulikana kilipo. Nyinyi mtamshitaki nani? Fundi aliyekufa?

Fanyeni hivi, na yafanyike kabla ya andiko, kabla ya greda, kabla ya picha na diwani.

Wawili wenu nendeni jioni kwa wazee 3 au 4 wanaokaa karibu, wasiojuana na aliyewapa kiwanja. Msiulize "palikuwa na gereji?" Ulizeni palikuwa panafanywa nini, moto uliwashwa kona gani, mafuta machafu yalimwagwa wapi, betri zilipasuliwa wapi. Chora ramani kwenye daftari. Kisha chukueni udongo kwenye kila kona mliyoonyeshwa, wa juu kabisa peke yake na wa chini kidogo peke yake, kila mmoja kwenye mfuko wake wenye namba. Msichanganye wote kuwa mfuko mmoja, maana kona mbaya itafichwa na kona nzuri. Vaeni glavu, osheni mikono, viatu msiingie navyo ndani. Ombeni kipimo cha metali nzito, na mafuta kama pananuka. Kitawagharimu, najua. Changishaneni. Ni sehemu ndogo ya tulichopoteza sisi.

Majibu yakija mabaya, kikataeni kiwanja kwa barua na nakala ya majibu iende kwa afisa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema mchafuzi ndiye anayelipa. Kama mwenye yadi bado yupo, au warithi wake, ni mzigo wao. Mkishapokea na kuanza kuvuruga udongo, kila mtu atasema ni nyinyi mliovuruga, na atakuwa na picha za greda lenu.

Kuna jambo la karatasi pia, nalipitia haraka. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si hati. Eneo kama hilo kwenye mchoro wa mipango miji huenda bado ni la viwanda, na kulifanya la chekechea kunahitaji kibali cha kubadili matumizi. Nendeni ofisi ya ardhi mkatazame mchoro kwa macho yenu. Atakayewaambia "hilo litafuata baadaye," mwogopeni.

Umesema mmeshaanza kufagia na watoto wanacheza pale wakati mkisubiri kikao. Waondoeni leo. Msifagie pakavu, mwageni maji kwanza. Na yule mtoto wa mwenzenu uliyesema anapenda kukaa kwenye lile rundo la plastiki nyeusi, hizo ni ganda za betri. Mpelekeni hospitali akapimwe damu, na mama yake amwambie daktari neno risasi yeye mwenyewe, asingoje kuulizwa.