Video ya jahazi: sauti yasikika, picha haionekani

SWALI: Nina nyumba ndogo ya wageni Shela, Lamu. Nilirekodi jahazi kwa iPhone, nikageuza faili kuwa MP4 na kuiweka kwenye tovuti yetu. Kwangu inacheza vizuri, lakini baadhi ya wageni wanasikia sauti tu, skrini nyeusi. Video ya pili, ya kamera, haigeuki kabisa: FFmpeg, programu ninayogeuzia video, inaandika "moov atom not found". Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, hizo ni hitilafu mbili zisizohusiana. Tuanze na ya jahazi.

MP4 ni kasha tu. Jina la nje halikuambii kilichomo. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi hurekodi kwa kodeki (njia ya kubana video) ya HEVC, iitwayo pia H.265. Ukibadilisha .mov kuwa .mp4 kwa kuandika jina jipya, au ukitumia programu inayohamisha tu bila kubana upya, HEVC inabaki palepale. Kompyuta yako inaisoma. Ya mgeni huenda haiwezi. Hakikisha kwanza kwa ffprobe, inayokuja pamoja na FFmpeg:

ffprobe jahazi.mp4

Tazama mstari wa Video. Ukiona hevc, umempata mkosaji. Ukiona h264 (kodeki ya zamani inayosomeka karibu kila mahali) lakini pembeni pameandikwa yuv420p10le, shida ni rangi za biti 10, ambazo vivinjari vingi havichezi zikiwa ndani ya H.264. Tiba ni moja, na ifanye kwa faili asilia la simu, kwani kila unapobana upya ubora hupungua:

ffmpeg -i jahazi.mov -c:v libx264 -crf 23 -preset slow -pix_fmt yuv420p -vf scale=1280:-2 -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart jahazi.mp4

Usiache -2: inalazimisha kimo kiwe namba shufwa. Kikiwa witiri, libx264, kibanaji cha H.264, inakataa kazi na kuandika "height not divisible by 2". Nayo +faststart huhamishia mwanzoni faharasa ya faili, ili video ianze kucheza kabla haijashuka yote. Rangi zikitoka zimepauka, ulirekodi kwa HDR (mwanga na rangi za upana mkubwa). Izime kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kurekodi tena.

Ukubwa nao uuangalie kwa makini. Bahari ni ngumu kubana: mawimbi na povu hubadilika kila fremu, kwa hiyo -crf 23 (kipimo cha ubora: namba ikipanda, ubora na ukubwa hushuka) inayotoa faili dogo kwa video ya chumba itatoa kubwa zaidi kwa jahazi. Ukiongeza namba hiyo kwa 6, faili hupungua takriban nusu. Jaribu 26, kisha 28, ukikagua maji yasianze kuonekana vipande vya miraba. Kwa kipande cha sekunde 40 ningelenga megabaiti 10, sawa na megabiti 2 kwa sekunde. Mgeni anayetumia bando atakushukuru.

Ukitaka ianze yenyewe, tagi ya video kwenye HTML ya tovuti iwe na autoplay, muted na playsinline zote tatu. Bila muted, vivinjari vingi huizuia.

Sasa ile ya kamera. Moov ndiyo hiyo faharasa, na kamera huiandika mwisho kabisa, baada ya kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikizima katikati, au flashi ikichomolewa kabla ya kunakili kwisha, picha zimo lakini ramani ya kuzisoma haipo. Kubadilisha mipangilio ya FFmpeg hakutasaidia kitu. Linganisha ukubwa wa faili kwenye kompyuta na ule wa kwenye kadi: zikitofautiana, nakili upya. Faili likifika gigabaiti 4, flashi ya FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili) haitalipokea. Ifomati kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, ukishahamisha vilivyomo.

Kama ukubwa ni uleule, kamera ndiyo iliyokatika. Acha kurekodi kwenye kadi hiyo, kisha jaribu programu ya bure iitwayo untrunc. Inahitaji faili jingine zima, lililorekodiwa kwa kamera ileile na mipangilio ileile, ili ijengee faharasa mpya.