Swali la msomaji: niweke masta vyumba vyote vitatu au kimoja kinatosha?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nataka kuanza msingi wa nyumba ya vyumba vitatu vya kulala. Kwenye ramani mchoraji ameweka masta moja (chumba chenye choo na bafu ndani yake) na choo cha wote kwenye korido. Mke wangu anataka kila chumba kiwe na choo na bafu lake, anasema tukishajenga hataki kusikia habari za kubomoa tena. Mimi naogopa harufu na unyevu, nimeshalala kwenye vyumba vya hivyo ukiamka asubuhi pua imeziba. Kipi bora? Na je hilo bafu la ndani liwe na mlango kabisa au uwazi tu unatosha ili kuokoa nafasi?

JIBU: Salama ndugu yangu, na hongera kwa kufikia msingi. Umeuliza wakati mzuri kwa kweli, maana maswali mengi ya vyoo huwa yananifikia nyumba imeshapigwa plasta na mabomba yako chini ya zege, hapo ushauri unaobaki ni wa kubomoa tu.

Kwa kifupi: masta moja na kile choo cha korido vinawatosha, hivyo kati ya vyumba viwili vingine kimoja kiandae mabomba tu, usivijengee choo kwa sasa. Na sababu yangu sio harufu wala unyevu, hivyo vyote vina dawa yake ntakueleza. Sababu ni nafasi na njia ya bomba la maji taka.

Ila kwanza nimtetee shemeji kidogo maana hajakosea kutamani. Choo cha ndani ni raha, tena raha yenyewe unaiona usiku. Mama mjamzito anaamka mara kibao, mzee ana kisukari, mtoto anaharisha, wote hao kutembea korido nzima gizani sio kitu cha kufurahia. Alafu kuna faragha, mgeni amekaa sebuleni wewe unatoka kuoga huna haja ya kukatiza na taulo kiunoni. Asubuhi nayo foleni inapungua, na mgonjwa wa kuambukiza mnaweza kumpa choo chake peke yake. Sasa ukiangalia vizuri, karibu faida zote hizo unazipata kwenye ile masta ya kwanza, ukiongeza ya pili na ya tatu faida inazidi kuwa ndogo ila gharama na usumbufu vinabaki vile vile.

Tupige hesabu ya nafasi. Bafu la ndani la kubana kabisa ni kama mita 1.2 kwa 2.1, hapo choo, sinki na shawa vimepangwa mstari mmoja na wewe unapita kwa ubavu. Linaloingilika vizuri ni mita 1.5 kwa 2.4, ambayo ni mita za mraba 3.6. Mabafu mawili ya ziada ni 7.2, ongeza na unene wa kuta unakaribia 9. Mita za mraba 9 ni chumba cha mita 3 kwa 3, yani chumba cha mtoto kizima! Kwaiyo ama nyumba iongezeke ukubwa, ama vyumba vyenyewe vikatwe mpaka kitanda na kabati vigombanie ukuta mmoja. Na nyumba ya vyumba vitatu itakuwa na vyoo vinne vya kusugua, hapo muulize shemeji nani atasugua alafu usikilize jibu lake kwa makini.

Bomba la maji taka ndio kubwa zaidi na ndilo watu hawalioni kwenye ramani. Bomba la choo ni inchi 4, linatakiwa lishuke kama sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Chumba kilichoko upande wa mbele, kama chemba (kile kishimo cha kukagulia na kuzibulia bomba) iko nyuma mita 12, bomba linashuka sentimita 30 kabla halijafika, na likipita katikati ya nyumba linapita chini ya kitanda cha mtu. Likija kuziba huko chini utazibulia wapi? Ndio maana mimi hupenda bomba litoke nje ya nyumba kwa njia fupi iwezekanavyo, alafu lizunguke nje huku kila kona ina chemba yenye mfuniko. Vyumba vitatu vikiwa kwenye kona tatu tofauti ina maana unazungusha bomba karibu nyumba nzima, chemba kila mahali, na shimo lichimbwe chini zaidi ili mteremko utoshe. Mwambie mchoraji masta ipakane mgongo kwa mgongo na choo cha korido, ukuta mmoja ubebe mabomba ya pande zote mbili, ikiwezekana na jiko liwe jirani. Hapo umeokoa bomba, umeokoa kuchimba, na maji ya moto yanafika haraka sababu hita iko karibu.

Haya sasa harufu. Watu wanadhani harufu inatoka kwenye choo chenyewe, mara nyingi wala sio choo, ni bomba. Kila tundu la maji taka ndani ya nyumba linatakiwa liwe na trapu, ile sehemu ya bomba iliyojipinda ambayo maji yanabaki yametuama. Hayo maji, kimo chake kama sentimita 5 tu, ndio yanazuia hewa ya shimoni isiingie chumbani. Yakitoka, chumba chako na shimo la maji taka vinapumua pamoja.

Na yanatokaje? Kuna njia kama tatu. Ya kwanza fundi hakuweka trapu kabisa kwenye tundu la sakafuni, kaweka kichujio kizuri cha kung'aa, chini yake elbo (kiungio cha kona) moja kwa moja kwenye bomba. Hii ipo sana kuliko unavyofikiria. Kuikagua ni rahisi, toa kichujio, mulika na tochi ya simu, ukiona maji yanang'aa chini uko salama, ukiona bomba kavu linaendelea gizani basi harufu yako imetokea hapo. Ya pili ni kukauka. Bafu lisilotumika, hasa la chumba cha wageni, maji ya kwenye trapu yanakauka taratibu kwa hewa mpaka siku moja mnaanza kutafuta panya aliyefia ndani. Dawa yake ni kumwaga maji kwenye kila tundu mara moja kwa wiki, na kama mnasafiri muda mrefu ongezea mafuta kidogo ya kupikia juu ya maji, yanaelea na kuchelewesha kukauka. Unaona tena kwanini sitaki uwe na vyoo visivyo na mtu wa kuvitumia.

Ya tatu ndio inayowachanganya mafundi wenyewe. Ukiflashi choo, maji mengi yanashuka kwa kasi na kuvuta hewa nyuma yake, kama bomba halina pa kuvutia hewa basi litavuta kupitia trapu ya sinki au ya shawa na kuyabeba maji yake, ni kama unavyovuta maji kwenye pipa kwa mpira. Utasikia ile glu glu glu kwenye sinki mtu akiflashi. Ukiisikia hiyo sauti usinunue dawa ya kuzibulia kwanza, uliza kama kuna venti, yani bomba linalopanda kutoka kwenye mfumo mpaka juu ya paa likiwa wazi. Kuna mafundi wanaikata venti ndani ya dari ili paa lisitobolewe, hiyo ni mbaya maana sasa harufu inakaa darini inashuka ikijisikia. Lazima itoke juu ya paa, mbali na madirisha.

Unyevu nao, hiyo pua yako kuziba asubuhi naielewa. Ukioga maji ya moto mvuke unatafuta sehemu ya baridi ugeuke maji, na bafu la ndani likikosa pa kutolea mvuke unaingia chumbani, unaishia kwenye godoro, nyuma ya kabati, kwenye nguo. Baada ya miezi unaona vidoti vyeusi kwenye kona ya dari, huo ni ukungu na ndio unaosumbua wenye mafua ya aleji na pumu. Kwaiyo sharti langu la kwanza kwa masta yoyote: bafu likae kwenye ukuta wa nje na liwe na dirisha linalofunguka, na sio dirisha linalotokea korido. Kama ramani inalazimisha bafu liwe katikati ya nyumba, weka feni ya kutolea hewa yenye uwezo wa kama lita 15 kwa sekunde na bomba lake litoke nje kabisa, wala sio kupumulia darini. Iachwe ikizunguka dakika 15 mpaka 20 baada ya kuoga. Na acha upenyo kama wa sentimita 1 chini ya mlango, maana feni haiwezi kutoa hewa kwenye chumba ambacho hakuna hewa inayoingia, itapiga kelele tu bure.

Unyevu wa pili ni wa maji yenyewe kupita ukutani na sakafuni. Niseme hapa maana wengi hawaamini: vigae havizuii maji. Kigae chenyewe sawa, lakini ile grauti ya kujazia katikati ya vigae inapitisha, kila siku kidogo kidogo. Kinachozuia maji ni ile dawa ya kuzuia maji inayopakwa chini ya vigae, ipakwe sakafu nzima na ipande ukutani angalau sentimita 15, na sehemu ya shawa ipande mpaka mita 1.8 au zaidi. Alafu kabla hata kigae kimoja hakijabandikwa, ziba tundu, jaza maji sentimita chache, weka alama na penseli ukutani, yaache masaa 24. Maji yakishuka na kuiacha alama kabisa kuna pahala yanapita, fundi arudie. Fundi atakuambia hiyo ni kupoteza muda, mwache aseme, wewe simamia. Makosa ya hapa huwa yanaonekana upande wa pili, yani chumbani, rangi inavimba usawa wa chini wa ukuta, ukiigusa inabomoka na kuna unga mweupe wa chumvi. Ikifika hapo kupaka rangi upya hakusaidii chochote. Na sakafu ya bafu imwagwe chini kidogo kuliko ya chumba, na iwe na mteremko kuelekea kwenye tundu ili maji yasije kwenye zulia.

Kelele ni jambo dogo lakini linagombanisha wanandoa: tangi la flashi na mabomba yasikae kwenye ukuta wa kichwa cha kitanda, weka kabati hapo katikati au geuza kitanda. Umeme wa hita uwe na laini yake na ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, na swichi za kawaida zikae nje ya bafu.

Sasa wasiwasi wa shemeji wa kubomoa, huo nauheshimu na una suluhisho. Wakati wa msingi, kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu), laza bomba la inchi 4 la choo na la inchi 2 la shawa kwenye kile chumba kimoja kati ya viwili ambacho kiko karibu na ukuta wa nje, midomo yake izibwe kwa kofia na kufunikwa. Piga picha kukiwa na futi ya kupimia inayoonekana, andika umbali kutoka kwenye kuta mbili, hifadhi. Siku mkihitaji masta ya pili, mnavunja kipande kidogo cha sakafu mnaunganisha. Gharama ya kuacha hayo mabomba sasa hivi ni ndogo mno ukilinganisha na kuchimbua jamvi baadae.

Na kama shida yenu kubwa ni foleni ya asubuhi, kuna kitu bora kuliko vyoo vinne. Kile choo cha korido kigaweni: choo kiwe na mlango wake, bafu mlango wake, sinki likae nje peke yake. Watu watatu wanatumia kwa wakati mmoja, na nafasi inayoongezeka ni ya ukuta mwembamba tu. Kuna wanaopenda bafu moja katikati ya vyumba viwili lenye milango miwili, mi silipendi sana, maana mtu wa chumba A akifunga kitasa cha B na kusahau kukifungua, B anagonga mpaka asubuhi.

Swali lako la mwisho, mlango. Weka mlango, usidanganywe na picha za bafu la wazi, kwenye picha hakuna mvuke wala sauti. Mlango wa kuteleza unaokoa nafasi kweli lakini huwa hauzibi vizuri pembeni, kwaiyo harufu na sauti vinapita. Mimi ningeweka wa kawaida, upana sentimita 80 ili hata mwenye kiti cha magurudumu au anayeshikiliwa na mtu apite, ufunguke kuelekea chumbani na sio ndani ya bafu. Bafu ni dogo, mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani anauzuia kwa mwili wake na nyie mko nje hamna la kufanya. Na kitasa kiwe kile chenye tundu la kufungulia kwa nje kwa sarafu au bisibisi, usiweke komeo.