Kabla Hujabomoa Nyumba ya Mbao ya Mzee

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, mzee ametuachia nyumba ya mbao huku Nyandarua. Ndugu zangu wanataka tubomoe, tujenge ya mawe. Unasemaje?" Nilikaa na ujumbe huo siku tatu, maana swali hilo mimi nililijibu kwa nyundo.

Nyumba ya babu ilikuwa ya mtarakwa, imesimama tangu baba akiwa mdogo. Nilituma hela kutoka Chicago, mafundi wakaimaliza kwa siku mbili. Leo pale pana kuta zilizoishia kwenye linta na vyuma vyenye kutu. Hela ilikata. Kila Krismasi binamu yangu hunitumia picha ya hizo kuta, bila maneno. Anajua anachofanya.

Baadaye nikaenda Springfield, Illinois, kuiona nyumba ya Abraham Lincoln. Nilitarajia kasri. Nikakuta nyumba ya mbao, rangi ya kahawia, madirisha yana vifuniko vya kijani. Ilijengwa mwaka 1839 kwa ajili ya mchungaji Charles Dresser, na Lincoln akainunua 1844. Wakati huo juu palikuwa nusu ghorofa tu, dari imeinama kufuata paa. Hebu mfikirie yule mtu mrefu akivaa shati humo! Watoto walipoongezeka hawakubomoa. Kufikia 1856 walikuwa wameinua paa na kupata ghorofa ya pili kamili, vyumba 12 kwa jumla, juu ya nyumba ileile. Rais mtarajiwa wa Marekani, wakili mwenye wateja, aliongeza mbao juu ya mbao. Mimi, mpangaji wa chumba kimoja, niliona aibu ya mbao.

Reli ya ngazi ni ya enzi zao, na wageni wanaruhusiwa kuishika. Niliishika. Imelainika kama mpini wa jembe la babu. Nikasimama pale katikati ya ngazi mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

Kwa hiyo ndugu yangu, usibomoe. Watu wa diaspora tuna ugonjwa wa kutaka kuonekana, na mawe yanaonekana. Usibomoe kabla hujajua kama kiunzi ni kizima. Usibomoe kwa simu, narudia, kwa simu usibomoe. Na mkikubaliana, andikeni. Mwaka 1887 Robert, mtoto wa Lincoln, aliikabidhi nyumba kwa jimbo kwa masharti: itunzwe vizuri, na watu waingie bure. Hadi leo kuingia ni bure. Mimi sharti langu lilikuwa "fanyeni haraka."

Anza na boriti za chini kabisa, zile zinazokaribia udongo. Mchwa na unyevu huanzia hapo. Choma kwa kisu, kona zote nne, halafu niandikie kimeingia inchi ngapi.