Ekzosi ya Hilux 3L: usikimbilie bomba la inchi 3
Mkuu, hiyo Hilux yako ya zamani ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita 3) unayotaka kuifunga bomba la ekzosi la inchi 3 ipate nguvu, mi nakushauri acha, ile injini ni dizeli ya cc 2779 na haina tabo (ile ya kusukumia injini hewa zaidi), utaongeza kelele tu. Inchi 2 hadi 2 na robo inatosha sana. Hela weka kwenye kona za bomba, fundi azikunje kwa mashine zisibonyee maana pakibonyea ndo moshi unapokwama. Na huo moshi mweusi ukipanda mlima hautibiwi na ekzosi aisee, cheki ea klina (chujio la hewa) na nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye injini) kwanza. Kama uko pwani chukua stenlesi, chumvi inakula chuma. Mdomo utokee nyuma kabisa ya bodi, ile gesi ikiingia kebini inaua.