Treni ikifunga breki, umeme unakwenda wapi?

Tangu treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ianze kubeba abiria mwaka 2024, wasomaji wanaovuka na boti kutoka Zanzibar kwenda kuipanda wamekuwa wakiniletea maswali ya breki zake. Haya nimeyachagua.

Nasikia treni ya umeme ikifunga breki inatengeneza umeme. Kweli? (Msomaji, Kiembesamaki)

Kweli kabisa, na huenda kazi hiyo umeshaifanya kwa miguu yako. Kumbuka baiskeli yenye dainamo. Usiku ukiibana kwenye tairi, taa inawaka, lakini papo hapo pedeli inakuwa nzito. Uzito ule ndio breki. Mota ya treni ikipewa umeme huzungusha magurudumu. Dereva akitaka kupunguza mwendo, magurudumu ndiyo yanayoizungusha mota, nayo inageuka jenereta. Daladala haina njia hiyo: breki inasugua mpaka unasikia harufu ya kuungua, na mwendo wote unaishia kuwa joto linalochukuliwa na upepo.

Sasa kama inajitengenezea, inanunua umeme wa nini? (Mama wa watoto wanne, Jang'ombe)

Kwa sababu hairudishi ila sehemu ya ulichokwisha kuipa, mama yangu. Chukua treni ya tani 400 inayokwenda kilomita 160 kwa saa. Nguvu iliyomo katika mwendo wake ni kama uniti 110, hizi hizi unazonunua za TUKUZA, umeme wa kulipia kabla. Nyumba yangu inatumia uniti 5 kwa siku, kwa hiyo kila treni ile inaposimama, ni siku 22 za nyumba yangu! Lakini njiani upepo na msuguano vimeshakula chao, na mota na transfoma nazo zinachukua kidogo. Kwa safari nzima, treni nyingi za aina hii huokoa baina ya asilimia 10 na 30 ya umeme zinaoutumia.

Mlima ndio wenye mali zaidi. Treni ile ile ikiteremka kimo cha mita 1,000, imebeba zaidi ya uniti 1,000. Kule Sweden, treni za madini ya chuma kutoka Kiruna huteremka zimejaa hadi bandari ya Narvik, Norway, na umeme wa breki zao husaidia sana kupandisha mabehewa matupu.

Umeme huo unaweza kufika kwetu Pemba? (Kijana, Wete)

Swali zuri, mwanangu. Umeme ukirudi kwenye waya wa juu, kwanza hunyonywa na treni nyingine iliyo karibu inayopanda kasi. Ukibaki, kwenye njia za volti 25,000 za AC (umeme unaogeuza mwelekeo kila mara, kama wa nyumbani) kama hiyo ya Bara, unaweza kupitia transfoma kurudi gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa. Na gridi hiyo ndiyo inayotulisha sisi: Unguja kwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba kwa ule wa kutoka Tanga uliowashwa mwaka 2010. Ila usitarajie umeme wa breki uvuke bahari. Wa karibu huuwahi kabla.

Jambo linaloniuma ni pale unapokosa wa kuupokea. Reli nyingi za mijini hutumia umeme wa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), na vituo vyake vya kulisha waya mara nyingi havina njia ya kuurudisha nyuma. Kama hakuna treni jirani, volti inapanda, na umeme unaunguzwa kwenye rizista, kifaa cha kuugeuza kuwa joto, juu ya paa la treni. Ndiyo maana miji mingine imeweka mabetri kando ya reli. Philadelphia, Marekani, ni mmojawapo.

Breki za kusugua zimeondolewa? (Dereva wa gari ya shamba, Makunduchi)

Hapana, wala hazitaondolewa. Mwendo ukiwa mdogo sana mota haina nguvu ya kuzuia, na kwenye dharura treni lazima isimame hata waya ukikosa umeme.

Ile treni ya zamani ya Bububu ikirudi, breki hizi zingefaa? (Mzee wa Malindi)

Ile ilikuwa ya moshi, ya mwanzoni mwa karne iliyopita, mzee wangu. Ya umeme ingefaa sana, kwa kuwa pale kila hatua chache ni kituo, na kila kituo ni breki. Ningeomba mabetri yawekwe Mjini na Bububu kabla behewa la kwanza halijapita.